Maziwa Yasiyoonwa na Moto

Euphrasia alikuwa ameshaitwanga tangawizi kavu, na sasa aliichekecha kwa kipande cha kanga kuukuu, akikigonga pembeni kwa kidole ili unga ushukie ungoni taratibu. Nyuzi zilizobaki juu ya kitambaa hakuzitupa. Alizirudisha kinuni, akaushika mchi tena.

Mimi nilikuwa kibarazani nachonga mpini wa jembe, na harufu ilinifikia kila upepo ulipogeuka.

"Mama Donatus," nikamwita, "tangawizi si ilikuwapo juzijuzi?"

"Ile ilikuwa mbichi."

"Kwani mbichi ina nini?"

"Inakata maziwa. Hukuona?" Akanong'ona, "Nyamaza, mayu anapita."

Mama yangu, ambaye mke wangu humwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alikuwa akitoka zizini na kibuyu cha maziwa kwapani. Mimi ndiye niliyekamua asubuhi hiyo, naye akanipokea kibuyu mlangoni mwa zizi, kama alivyofanya tangu tuhamie. Alipita mbele ya jiko bila kugeuza shingo, akaingia nyumbani kwake, na nikasikia kamba ikivutwa: kibuyu kinatundikwa.

Tulikuwa tumerudi Kishapu mwaka ule baada ya kumzika baba. Kabla ya hapo nilifanya kazi mgodini Geita, na huko ndiko nilikomwoa Euphrasia, Mzinza, na huko ndiko alikozaliwa mwanetu Donatus. Katika nyumba zile za wafanyakazi tulipakana na Bi Tausi, mwanamke wa Ujiji, na ndiye aliyemfundisha mke wangu chai ya viungo. Viungo alivisaga mwenyewe: tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Maji na maziwa alivitia sufuria moja, akavichemsha pamoja na majani mpaka vikapanda juu vikitaka kumwagika. Watu wa zamu waliopita dirishani pake walipunguza mwendo.

Asubuhi ya kwanza hapa kwa mama, Euphrasia alifanya vilevile. Alishusha kibuyu, akamimina maziwa kwenye sufuria, akaiteleka mafigani. Mama alikuwa nje anapepeta mtama. Aliisikia harufu ya maziwa yanayochemka, akauacha ungo, akaingia jikoni kama mtu aliyeona paa linawaka.

Kwao alikozaliwa mama, maziwa hayachemshwi. Anayechemsha maziwa anaichoma chuchu iliyoyatoa. Na ukame ulikuwa umetupunguzia ng'ombe vibaya. Katika waliobaki, aliyekuwa na maziwa ni yule mwekundu peke yake. Jioni ile alitoa maziwa ya kulowesha kitako cha kibuyu tu. Mimi niliona majani yalikuwa makavu, tena ndama alikuwa amefunguka mchana akanyonya. Yawezekana. Mama aliona chuchu imechomwa.

Hakugomba. Alikichukua kibuyu akaenda kukitundika nyumbani kwake. Tangu siku ile maziwa ya Donatus aliyapima yeye, akayaleta kikombeni, akamnywesha mjukuu wake mwenyewe. Katika miji ya kwetu mke anayeshika kibuyu cha maziwa ndiye mwenye nyumba. Anayeletewa maziwa ni mgeni. Kila jirani aliyepita aliona kikombe kikivuka ua, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Euphrasia alinilalamikia mara moja tu. "Baba Donatus, mimi hapa nimekuwa mgeni wa mtoto wangu."

Nilimwambia nitazungumza na mama. Akakataa. "Ukizungumza wewe, atanipa kwa ajili yako."

Nimekaa na watu wengi, mgodini na vijijini, na nimeona jinsi wanavyofanya wakifika mahali kama pale. Wengine huiacha chai. Wengine husubiri mama mkwe aende kilioni wachemshe kwa siri. Euphrasia hakufanya hili wala lile. Siku moja alimfuata mama alikokuwa anachambua mbegu za pamba, akapiga magoti, akamwuliza:

"Mayu, maziwa yakikutana na kitu cha moto, kilichokwisha kutolewa mekoni, hilo nalo ni kosa?"

Mama aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Ugali wa moto tunaumwagia maziwa tangu zamani za bibi zetu. Ila moto wenyewe usiyaone maziwa."

"Wabeja, mayu," Euphrasia akashukuru, akaondoka. Alikuwa amepata mlango.

Basi chai ikabidi iive yenyewe, maziwa yaikute kikombeni. Ukisikia hivi utadhani ni jambo dogo. Jaribio la kwanza alilifanya kwa tangawizi mbichi niliyomletea kutoka Shinyanga mjini. Aliisaga, akaitia kwenye chai karibu na kuiepua, kama alivyozoea. Kalisti, jirani yetu asiyekosa mahali panapofuka moshi, alikuwa amekwisha kaa kwenye kigoda. Mama akamimina maziwa kidogo kutoka kwenye kikombe cha Donatus. Yakatulia kidogo, kisha yakaanza kukatika, madonge juu, maji chini.

Kalisti akachungulia. "Mama Donatus, hii ni chai, au ni mtindi uliopotea njia?"

Alicheka peke yake. Mama aliyatazama yale madonge, kisha akageuka akatazama zizini. Nikajua, na Euphrasia akajua, kwamba yakikatika tena mbele ya macho yake hakutakuwa na mazungumzo mengine juu ya kibuyu.

Ndiyo maana sasa alikuwa anatwanga tangawizi kavu. Alipomaliza kuichekecha aliitia peke yake kwenye maji, akaiacha ichemke muda mrefu kabla hajaongeza kitu kingine. Aliniambia ameona kwamba ukali wa tangawizi unaokata maziwa hufa ukichemshwa sana, na ladha hubaki. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa amejaribu kwa matone ya maziwa yaliyobaki chini ya kikombe cha mtoto, siku baada ya siku, kwenye kijiko.

Lilikuwapo na jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya niache kuchonga nikamtazama. Kibuyu cha mama husafishwa kwa makaa ya mti, kwa hiyo maziwa yake yana moshi. Mchanganyiko wa Bi Tausi, wenye karafuu nyingi, ukikutana na moshi ule unatoa ladha ya dawa ya meno yanayouma. Euphrasia alikichukua kikombe cha Donatus, kitupu, akakiinua puani, akafumba macho. Akakiweka. Akanusa unga wa viungo kiganjani. Akarudi kwenye kikombe. Kisha akazitoa karafuu karibu zote katika zile alizokusudia kutwanga, akabakiza chache, akamenya iliki zaidi. Mdalasini aliupitisha juu ya makaa ukajikunja ndipo akautwanga. Moshi wa mama alikuwa anautafutia mwenza wa kukaa naye.

Niliwahi kumwona fundi wa mgodini akisikiliza mashine kwa kuweka ubao sikioni. Alikuwa na uso kama ule.

Alasiri Kalisti akafika. "Mwadila!"

"Mwadila," tukaitika.

"Nimekuja kuangalia kama mtindi umeiona njia."

"Kaa, shemeji," Euphrasia akamwambia. "Ukiuona uonyeshe njia wewe, maana mnafahamiana."

Mama alitoka nyumbani kwake na kibuyu. Hakuitwa, harufu ilikuwa imemwita. Euphrasia aliepua sufuria, akaiweka mbali na mafiga, mahali ambapo mama angeona wazi kwamba hakuna moto chini yake. Akachuja chai kikombeni. Akaihamishia kikombe kingine, akairudisha, mpaka mvuke ukapungua. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mayu, mimina mwenyewe."

Mama aliondoa kizibo, akamimina. Chai nyeusi ikawa na rangi ya udongo wa kichuguu. Tukatazama sote. Rangi ilitandaa ikafika ukingoni, ikatulia. Mama akakiinamisha kikombe huku na huku, akitafuta madonge. Hayakuwapo.

Alinusa kwanza. Akanusa tena.

"Moshi wangu umo," akasema.

"Umo, mayu."

Akanywa. Akakaa kwenye ngozi yake ya kukalia, akanywa tena, polepole, kama mtu anayesikiliza habari ya mbali. "Hiki kinachochoma kooni ni nini?"

"Pilipili manga."

"Ipunguze."

"Yake ipunguze," Kalisti akadakia, "yangu iongeze, na maziwa yaongeze!"

"Maziwa kalete ya ng'ombe wako," mama akamwambia. "Au huyo naye amepotea njia?"

Hapo Euphrasia akacheka, mara ya kwanza tangu tuhamie, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

Jioni nilikamua. Yule mwekundu alitoa kama alivyozoea kutoa. Sikulisema kwa sauti, maana ng'ombe ana siku zake, na kesho angeweza kutoa kidogo kwa sababu nyingine kabisa. Mama alinipokea kibuyu, akakipima uzito mkononi, akakitazama kwa muda. Kisha akaenda kukitundika palepale pa siku zote.

Nilimwona Euphrasia akiinamia vyombo vyake.

Mama alitoka tena. Mikononi alikuwa na kibuyu kipya, cha shingo ndefu, kikavu, ambacho hakijatobolewa. Akakiweka mbele ya mke wangu.

"Kile alinipa mama mkwe wangu," akasema. "Sikupi nikiwa hai. Cha mtu hutengenezwa na mwenyewe. Mabula, lete kisu."

Nikaleta. Mama akaonyesha kwa ukucha mahali pa kukata, na Euphrasia akakata mdomo wake, kwa uangalifu, kisha wakakigeuza wakakitikisa mbegu zikatoka. Wakaingiza kijiti wakakwangua utando wa ndani. Zilitoka takataka nyingi kuliko nilivyodhani kibuyu kinaweza kuwa nazo. Wakakijaza maji, wakayasukasuka. Mama akamimina kidogo kiganjani mwa Euphrasia.

"Onja."

Akaonja, akatema, uso ukakunjamana.

"Ukitia maziwa humo leo, Donatus atakulaani," mama akasema. "Maji yakae mpaka asubuhi. Tutayamwaga, tutie mengine, tuyamwage nayo. Uchungu ukiisha ndipo nitakuonyesha mti wa makaa."

Wakakiegemeza ukutani, kimejaa mpaka shingoni. Zilibaki mbegu ndani zilizogoma kutoka. Tuliposhika kibuyu tulizisikia zikigonga.