Choo cha Wageni

Swafia alikuwa amebana mapaja, kisigino cha kushoto amekikandamiza juu ya kidole gumba cha mguu wa kulia, huku mikono yake ikiendelea kupokea pakiti za sukari kutoka kwenye mashine na kuzipanga katika katoni. Maumivu ya kidole yalisaidia kidogo. Alikwisha jaribu mengi: kuuma ulimi, kuvuta pumzi na kuishikilia, kusoma kimoyomoyo sura alizofunzwa madrasa. Haja ya kukojoa haikumjia yeye kama inavyowajia watu, kwa kubisha hodi. Ilimvamia. Sasa hivi alikuwa mtu mzima anayefanya kazi yake, mara alikuwa mtu mwenye jambo moja tu duniani.

Akainua mkono. Jairus, msimamizi wa ghala, aliuona, lakini akamaliza kwanza kuongea na simu.

"Nini tena, Mama Umi?"

"Naomba ufunguo, bosi."

"Si umetoka huko saa hii?"

"Imenishika tena."

Jairus akautoa ufunguo mfukoni, akauzungusha kidoleni. Ulikuwa wa choo cha wanawake, nacho kilikuwa kimoja tu. Wanaume walijisaidia uani, nyuma ya malori, na hawakuomba ruhusa ya mtu.

"Hapa sisi wote tuko na kibofu," alisema. "Nanjala ako nacho. Mimi niko nacho. Mashine ndiyo haina. Ukitoka, nani anashika nafasi yako?"

"Nitakimbia tu, nirudi."

"Ngoja chai."

Yeye alingoja. Mkojo haukungoja. Kitambaa alichokuwa amekikunja ndani ya nguo kilipokea ulioweza kupokelewa, uliobaki ukamteremka mguuni. Nanjala, aliyesimama naye kwenye mashine, aligeuza uso akatazama dirisha, kwa upole wa mtu asiyetaka kuonekana kwamba ameona.

Hali hiyo ilianza alipomzaa Umi, binti yake wa pili. Kule zahanati, muuguzi Immaculate alimpima mkojo, akampa vidonge. Swafia aliporudi alipimwa tena, akapewa vidonge vilevile. Mara ya mwisho Immaculate alimtazama juu ya miwani.

"Mkojo wako ni safi, mama. Huna ugonjwa."

"Lakini sista, naendanga kila wakati. Na nikisikia tu maji yakimwagika—"

"Punguza kunywa maji. Hayo ni mambo ya kina mama. Ukishazaa, unazoea."

Basi Jairus alipomtaka alete neno la daktari ndipo amruhusu kutoka atakavyo, Swafia hakuwa na neno la kuleta. Hakuwa mgonjwa. Na kama si mgonjwa, alisema Jairus mbele ya wote, basi ni mvivu.

Nyumbani alikuwa ameacha kwenda msikitini siku za Ijumaa, maana udhu ulimtoka kabla hajafika mlangoni. Osman, mumewe, aliyekuwa akipakia katoni kwenye malori ya ghala hilohilo, alihamia kwenye kochi la sebuleni tangu mwezi wa Ramadhani. Hakugomba wala hakumpiga. Siku moja tu alilitoa godoro mwenyewe, akaliegemeza ukutani juani, upande wa njia wanakopita majirani, akasema, "Umi ameacha kukojoa kitandani. Wewe utaacha lini?"

Ndipo ikaja habari ya wageni. Kulikuwa na watu wa Nairobi waliotaka kununua sukari ya ghala kwa ajili ya maduka yao makubwa, na kabla ya kutia sahihi walitaka kuona jinsi wafanyakazi wanawake wanavyotunzwa. Mafundi waliletwa. Choo kikapigwa rangi, kikawekwa vigae vyeupe, sinki, kioo, na sabuni ya maji yenye harufu ya ndimu. Kilipokamilika kilifungwa, kisichafuliwe kabla hakijaonwa. Wanawake wakawa wanavuka barabara na kujificha kwenye shamba la miwa, saa ya chai na saa ya chakula peke yake.

Jairus alimwita Swafia kando.

"Wewe ni mtu wa Mumias. Uko na Kiswahili safi. Wageni wakija, utaongea kwa niaba ya wenzako."

"Niseme nini?"

"Kwamba mnaenda choo wakati wowote mnataka." Alimkazia macho, hakutabasamu. "Ukisema vizuri, na mimi nitaangalia shida yako. Nitakuchongea ufunguo wako mwenyewe."

Usiku huo na asubuhi yake Swafia hakutia maji kinywani. Alivaa buibui lake jeusi, lile la Idi. Wageni walipofika, midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, lakini alisimama pale alipoambiwa asimame, kando ya mlango wa choo uliokuwa wazi. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mchangamfu aitwaye Chemutai. Alipeana mikono na kila mtu. Aliingia chooni, akafungua bomba.

"Maji yapo," alisema kwa kuridhika, akayaacha yatiririke huku akimgeukia Swafia. "Na nyinyi mkitaka kuja hapa, mnaruhusiwa?"

Yale maji yalimwingia Swafia masikioni yakashuka mpaka chini. Choo kilikuwa hatua mbili kutoka pale. Aliukanyaga mguu wake kwa nguvu zote.

"Tunakuja wakati wowote tunaotaka," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka, na hapohapo mkojo ukamtoka. Ulikuwa mchache, wa rangi iliyokolea, lakini ulitosha kutambaa juu ya vigae vyeupe. Hakusogea, kwa kuwa hakuwa amemaliza. "Hakuna anayetuzuia."

Chemutai alirudisha viatu vyake nyuma. "Mama, uko sawa?"

"Ni mjamzito, madam," Jairus akadakia. "Unajua hali zao. Ndiyo maana tumemweka karibu na choo."

Uso wa Chemutai ukalainika. "Jamani, hongera. Ni wa ngapi?"

Swafia alimtazama Jairus. Jairus naye alimtazama, akingoja.

"Wa tatu," alisema Swafia.

Chemutai akapiga makofi, wageni wenzake wakafuata, na wanawake kule kwenye mashine, wasiojua kinachopigiwa makofi ni nini, wakapiga pia. Swafia alipewa kitambaa cha kupigia deki. Mgeni mmoja aliyetaka kukipiga picha choo alisubiri kwanza atoke.

Magari ya wageni yalipoondoka, Jairus alimfuata.

"Vibarua wenye mimba hawashikangi mashine. Ni mambo ya usalama. Enda nyumbani, ukishajifungua tutaona."

"Bosi, unajua sina mimba."

"Mimi sijui. Umesema mwenyewe, mbele ya watu."

"Na ufunguo?"

"Wa nini, na unaenda nyumbani?"

Habari ilimtangulia uani. Wapakiaji walikuwa wamekwisha mpa Osman hongera, wakimtania kwa kuwaficha. Swafia alimkuta akiitua katoni chini taratibu, kama iliyojaa mayai.

"Tangu Ramadhani," alisema Osman.

"Ni maneno ya Jairus. Wallahi, sijaguswa na mtu."

"Nimeambiwa umesema wewe. Kwa mdomo wako."

"Nilisema."

"Basi twende tukapime."

Alitangulia yeye. Swafia alifuata nyuma, buibui likimganda miguuni. Zahanati ilikuwa inakaribia kufungwa. Immaculate hakuuliza mengi. Alimpa kikombe cha plastiki, akamwambia choo chao hakina maji, azunguke nyuma ya jengo. Osman alikwenda naye mpaka kona na kusimama, uso ameuelekeza kwake.

"Geuka, Osman."

"Nageuka ulete ya mtu mwingine? Kojoa nikiona."

Swafia alichutama kando ya michongoma, akakusanya buibui kwa mkono mmoja na kukishika kikombe kwa mwingine. Haja ilikuwapo, kali kuliko ile ya asubuhi, ikimkata chini ya kitovu. Mkojo haukuwapo. Alisukuma. Alifumba macho akayawaza maji, mvua, mito, bomba la wageni. Mwili ambao haukuwahi kumsikia ulikataa kumsikia hata sasa.

"Nangoja," alisema Osman.

Dirisha la zahanati likafunguliwa, kichwa cha Immaculate kikatokeza.

"Mama, nataka kufunga. Si wewe ndiye huwa huwezi kujizuia?"

Swafia alikisogeza kikombe karibu zaidi, akasukuma tena, na mumewe akapiga hatua moja mbele ili aone ndani yake.