Barafu ya Chimala

Baba yangu, mzee Yotamu, hakuwahi kuharibu hata kichupa kimoja cha chanjo. Hilo Kilolo nzima wanalijua, na asiyelijua ataambiwa na mwenyewe kabla chai haijapoa. Alianza kazi ya kupeleka chanjo vijijini na baiskeli akamalizia na pikipiki ya serikali, sanduku la baridi limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu, akipanda milima ambayo mbuzi wenyewe huikwepa. Ukimuuliza siri ya kazi atakujibu neno moja: baridi. Dawa ikipata joto imekufa, na ikifa imeua.

Mimi naitwa Evarista, nauza vitunguu sokoni Kihesa. Nilikuwa na mtoto mmoja, Lea, aliyekuwa darasa la tatu.

Mwezi wa saba Iringa baridi haina adabu. Asubuhi hiyo Lea alijisogeza kwenye jiko la mkaa kuota moto, amevaa gauni la nailoni. Mimi nilikuwa uani nachambua vitunguu. Niliposikia kelele na kukimbilia ndani, gauni lilikuwa limeshashikana na mwili: mgongo, kifua, mapaja. Zaidi ya hapo sisemi.

Hospitalini, daktari Liberatus hakunizungusha. Alisema kidonda kama hicho huzibwa kwa ngozi ya mgonjwa mwenyewe, inayochunwa pale palipo pazima. "Lakini Mama Lea, palipo pazima pamebaki padogo mno. Hatuna pa kuchuna." Likabaki tumaini moja. Mbeya kulikuwa na maabara ya utafiti iliyokuwa ikiotesha ngozi. Walichukua kipande nyuma ya sikio la Lea, kidogo kama stempu, wakakipeleka huko. Lea mwenyewe asingeihimili ile barabara.

Nilikwenda mara moja kujionea, maana kuambiwa ngozi inaoteshwa nilidhani wananitania. Daktari Nusrat, binti wa wafanyabiashara wa pale Mbeya mjini, alinivalisha koti na barakoa, akanionyesha kisahani chenye vifereji vyembamba kuliko unywele. Humo ndani maji ya chakula yalikuwa yakipita polepole, yakilisha chembe hai za mwanangu ili zizaane. Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu moto ule. Kumbe ni umwagiliaji tu, kama vitunguu vya Ruaha Mbuyuni!

"Ni huohuo, mama," naye akacheka. "Ila shamba hili halitaki baridi. Ndiyo maana tumeliweka kwenye kabati la joto."

Wiki zikapita, Lea akizidi kukonda, vidonda vikianza kunuka. Kila nikimbadilishia shuka aliniuliza habari za ngozi yake.

"Mama, ile ya Mbeya ni rangi gani?"

"Yako mwanangu. Rangi yako wewe."

"Isije ikawa ya kizungu, watanicheka shuleni."

Hatimaye Nusrat akapiga simu: ngozi imekomaa. Mfanyakazi wao wa kusafirisha alikuwa amelazwa na malaria, na ngozi ikishakomaa haisubiri mtu apone. Mimi nisingeweza tena kumwacha Lea na hali ile. Baba akasimama, akavaa koti lake la kazi.

"Kubeba vitu vya hospitali ndiyo kazi yangu," alisema. Nani angembishia?

Nusrat alimkabidhi boksi, ndani yake vipande vya ngozi vimezungukwa na chupa za maji ya uvuguvugu. Akamweleza zaidi ya mara moja: mzee, hii ibaki na joto la mwili, kama mtoto wa mgongoni. Baba akajibu, "Sawa, mwanangu." Mimi naijua ile sawa ya baba. Ndiyo anayompa mtoto anayemfundisha mkubwa kula.

Basi likaharibikia njiani, Chimala. Anayezijua nyanda za Usangu anajua jua la kule, halina habari na baridi ya Iringa. Abiria walishuka, baba akabaki kitini na boksi mapajani, jua linampiga kupitia kioo. Akaligusa. Lilikuwa la moto.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, akiwa wima kwenye korido ya hospitali, uso unang'aa kwa furaha.

"Gusa hapa, Evarista. Gusa! Baridi mpaka vidole vinauma. Pale Chimala gari imekufa, jua kali, boksi imepata moto. Nikasema hapana, ngozi ya mjukuu wangu haiwezi kuoza mikononi mwangu. Nikanunua barafu kwa mama mmoja wa soda, nikaipanga chini na juu kama ya chanjo. Yule binti bado mtoto bwana, badala ya barafu ameniwekea michupa ya maji ya moto!"

Nikakumbuka kabati la joto, na shamba lile lisilotaka baridi. Nesi alikuja akalichukua boksi akaingia nalo ndani.

Daktari Liberatus alipotoka alinivuta pembeni. Alisema vile vipande vimeganda, vimekuwa vyeupe, na ukivishika vinaachana. Walijaribu kuvilaza hivyohivyo, havikushika.

"Labda lile jua nalo lingeviua," alisema. "Sijui, mama. Kweli sijui."

"Si waoteshe vingine?"

"Wameshaanza. Itachukua wiki kadhaa."

"Na Lea?"

"Wiki hizo hana, mama." Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama amwambie mzee yeye, au nitamwambia mimi.

"Mimi," nikamjibu.

Nilirudi koridoni maneno yakiwa tayari mdomoni, na wanaonijua sokoni wanajua mdomo wangu haukopeshi. Nilimkuta baba kwenye benchi anamsimulia mwanamke wa Ifunda habari za Chimala, mwanamke wa watu anatikisa kichwa kwa kustaajabu. Nilimchukia baba yangu. Nalisema lilivyo. Nilichukia koti lake, milima yake yote, na kila mtoto aliyechanjwa akapona.

"Imeshika?" akaniuliza.

Suruali yake ilikuwa bado imelowa mapajani kwa ile barafu. Aliipakata njia nzima.

"Bado wanaangalia," nikasema, nikaenda chooni kulia.

Lea alikufa wiki ileile, mchana, nikimsimulia habari za shule. Nusrat alipiga simu akalia kuliko mimi. Ile ngozi mpya ilikuwa imeanza kuota vizuri, alisema, afanye nini nayo?

Tulimzika Kilolo. Msibani mchungaji alimsifu baba mbele ya watu wote, babu aliyesafiri na uzee wake kumfuatia mjukuu ngozi Mbeya. Watu wakaitikia. Mimi niliuma kanga yangu.

Siku ya kuvunja matanga baba hakugusa chakula. Aliniita nyuma ya nyumba, akakaa juu ya gogo. Alikuwa amezeeka ghafla, shingo imebaki mifupa.

"Mwanangu, mimi ndiye nimemuua Lea."

Nikajua kuna aliyemwambia. Na siwezi kuficha, nilipumua. Nikakaa karibu yake nisikilize.

"Makambako basi imesimama watu wale," akasema. "Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, nimeona kwa macho yangu maji yanatoka. Duka lilikuwa palepale ng'ambo ya barabara. Nikaona uvivu kushuka. Magoti yalikuwa yananiuma, nikasema itafika tu hivihivi. Maisha yangu yote sijawahi kuzembea kazi, nimekuja kuzembea kwa mjukuu wangu." Akanishika mkono kwa nguvu. "Wewe umeongea na madaktari. Usinifiche. Barafu ilipungua, sivyo?"

Nilimtazama baba yangu. Lile neno nililotoka nalo kwa daktari lilikuwa bado lipo mdomoni, zima, na yeye mwenyewe alikuwa ameniomba nilitoe.

"Haikupungua, baba," nikamwambia. "Barafu ilitosha."

Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti. Nami nikaitikia amina.