Sikio la Mama Mashuka

Ulipita pale, usikatae. Kila siku ulipita mbele ya chumba cha kufulia cha hospitali, ukamwona Mama Mashuka na sikio lake nusu, ukajifanya unatafuta kitu mfukoni. Mashine ya kukamua, isiyo na kinga, ilinasa kilemba chake ikaondoka na kipande cha sikio la kushoto. Aliidai kinga hiyo kwa kelele mpaka anaingia kaburini. Sasa sikiliza walivyotaka kumrudishia sikio akiwa hana haja nalo tena.

Madobi wenzake walitaka sanamu ya kichwa chake isimame mlangoni. Kazi akapewa Patasi, binti anayechonga kwa kompyuta: anapitisha kalamu juu ya kibao, udongo wa kwenye skrini unabonyea, halafu mashine ya kuchapa inatoa kichwa kizima cha plastiki ngumu. Siku ya kuchapa wakaja wakaguzi wawili. Mmoja shangazi yake, dobi aliyefanya kazi bega kwa bega na marehemu. Mwingine meneja wa hospitali, suti imenyooka, amekuja eti "kuangalia tu".

Kwa kiherehere cha kutazamwa, Patasi akafanya kosa la wachongaji wa kompyuta: akasahau kuzima ulinganifu, ule mpangilio unaofanya kila unachogusa upande huu kijirudie upande ule. Akaongeza kina cha jeraha kushoto. Sikio la kulia nalo likamegeka.

"We mtoto!" shangazi akaruka. "Unamkata na la pili? Hata mashine ilimwachia hilo!"

"Tulia shangazi, natendua."

Akabonyeza kitufe cha kutendua, sikio likarudi. Lakini kidole kilishaingiwa na woga, kikaganda palepale, na kichwa kikaenda kinyumenyume mbio: mikunjo ikafutika, kilemba kikatoweka, Mama Mashuka akawa kigoli mwenye masikio mawili mazima.

"Hapo hapo!" meneja akadakia. "Mwache hapo. Amependeza!"

"Amependeza nani? Huyo simjui," shangazi akasema.

"Nampeleka mbele tena, kila kitu kipo," Patasi akasema. "Ila mtu asiguse kibao. Ukishatendua, halafu ukachora hata nukta, yote ya mbele yanapotea."

Meneja hakusikia, au alisikia vizuri mno. Akaokota kalamu kuonyesha uzuri wa lile sikio, ncha ikadondoka juu ya kibao. Nukta, shavuni.

"Aa, samahani jamani. Bahati mbaya."

Patasi akatendua nukta, ikaondoka. Jeraha halikurudi. Na mara ya mwisho kuhifadhi kazi ilikuwa kabla hajaligusa sikio.

"Basi, ndiyo imeshatokea," meneja akasema, akijipangusa jasho lisilokuwepo. "Chapa hivyo hivyo."

Kikichapwa hivyo, kila apitaye pale mlangoni ataamini mashine haijawahi kumuumiza mtu. Patasi akafungua ile kazi iliyohifadhiwa, mikunjo na kilemba vikarudi, akazima ulinganifu.

"Nachonga upya. Ila nahitaji sikio la kuangalizia."

Shangazi hakwenda mbali. Akalishika la meneja, la kushoto, akalikunja kama pindo la shuka.

"Chukua hili. Roli ya mashine ilibana hapa, ikapasua mpaka huku."

"Inauma, mama!"

"Na yeye alisema hivyo hivyo. Ukamwambia arudi kazini."

"Shangazi, mgeuze kidogo, anaziba mwanga. Na wewe bosi usitabasamu, unavuta ngozi."

"Nani anatabasamu?"

Hakuachiwa mpaka mashine ya kuchapa ilipoanza kunguruma.

Kichwa kiko mlangoni leo, kimemegeka palipomegeka. Lakini mashine ya kukamua nayo iko wazi vilevile, na hivi unavyosoma kuna dobi anaiinamia na kilemba chake. Basi weka karatasi hii chini. Nenda kule ndani, simama na wale kina mama mbele ya swichi, isiwashwe mpaka kinga ifungwe. Usiniambie kesho. Inuka!