Chinsaga ya Nyamoita

Mboga yangu ilirudishwa sahani ikiwa imejaa vilevile, na sitaficha, nilikasirika. Mimi Abigael, niliyewafundisha wasichana wa Nyaramba upishi, chinsaga yangu, yaani mboga ya mgagani, inuswe na kusukumwa kando na mama mzee aliye kitandani.

"Hii ni majani tu," alisema.

Mama huyo aliitwa Nyamoita, mama mkwe wa jirani yangu Mogaka. Alikuja kutoka Marani kuwaangalia wajukuu wakati bintiye Kwamboka alipolazwa hospitalini mjini Kisii kwa uzazi mgumu. Hajakaa sana, malaria ikamwangusha. Homa ilipotoka iliondoka na hamu yake ya chakula. Akawa anaonja uji kidogo, kisha anageukia ukuta. Mhudumu wa zahanati alituambia wazi kwamba dawa imemaliza kazi yake, na asipokula tutamzika.

"Nitamwambia nini Kwamboka?" Mogaka aliniuliza uani. "Ati mama yake alikufa njaa kwangu?"

Naye kumsaidia hakuweza. Kwetu mkwe na mama mkwe wana heshima yao, tunaiita chinsoni: hawatazamani usoni, na mkwe haingii alimolala mama huyo. Nyamoita alikuwa amelazwa katika nyumba ya jikoni ya Kwamboka, kwa hiyo Mogaka alilipita jiko lake mwenyewe kwa mbali, akitazama migomba.

Jioni moja alikuja kwangu ameficha kitu ndani ya koti. Kilikuwa kitabu chetu cha mapishi. Akina mama wa Dorkasi, chama cha wanawake cha kanisa letu, tulikitengeneza mwaka 1969 ili tupate mabati ya wodi ya wazazi. Tuliomba mapishi kila mahali, hata kwa Wakatoliki wa Marani, nami nikayapiga chapa kwenye stensili, tukauza sokoni na milangoni mwa makanisa. Mabati yalikwisha kupigiliwa zamani, lakini watu walizidi kukiulizia kitabu. Sikuelewa kwa nini. Wino ulikuwa hafifu, na kila mwanamke alijua kupika vitu vile.

"Mwalimu, nipatie jiko yako," Mogaka alisema. "Chinsaga yake mwenyewe iko humu ndani."

"Nitakupikia mimi."

"Yako alikataa."

Yaliniuma, lakini yalikuwa kweli.

"Na wewe utoke," akaongeza. "Sitaki mwanamke anione kwa mafiga."

Mwanamume aliyetahiriwa kuchutama mbele ya mafiga ni jambo la kuchekwa mpaka sokoni. Nikatoka, nikaketi nje na ungo wangu wa maharagwe. Kupitia mlangoni nikamsikia akisoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma somo la Sabato.

"Maji ya kwanza mwaga, uchungu uende nayo. Tia maziwa, usiwe mchoyo. Usikoroge kama unagombana na mtu. Funika, nenda ulale. Kesho pasha moto, ndiyo itakuwa mboga."

Maneno hayo Nyamoita alinitamkia mwenyewe, nami niliyapiga chapa bila kuyabadilisha, nikicheka kidogo. Sasa yalikuwa yakitoka kinywani mwa mkwe asiyethubutu kumtazama, naye anatii kila neno. Hata wangeishi miaka mingapi, mama yule asingeweza kumketisha Mogaka jikoni amfundishe kupika. Karatasi zangu za wino hafifu zilikuwa zimemketisha. Niliingiwa na hofu, ile hofu njema ya kanisani, nikaacha kuchagua maharagwe.

Kesho yake nilimpelekea Nyamoita sahani, pamoja na ugali wa wimbi. Sikusema nani amepika. Alinusa, akamega tonge, akachota mboga, akatafuna. Nikasikia mchanga ukilia kati ya meno yake.

Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna mahali kitabuni tulipoandika kwamba mboga ioshwe. Nani angeandika hivyo? Msichana gani wa Kisii anahitaji kuambiwa? Nikanyoosha mkono niiondoe sahani, lakini Nyamoita akaishika.

"Hii ni mkono yangu," alisema. Akatafuna tena, taratibu. "Na hakuna mwanamke amepika hii."

Nje, nyuma ya ukuta wa udongo, mtu alikohoa, kisha akajizuia. Nyamoita aliutazama ukuta huo kwa muda. Hakumtaja mtu wala hakushukuru, kwa kuwa chinsoni haikumruhusu. Alimega tonge jingine, akala mboga na mchanga wake, akitafuna kwa nguvu ili asikike, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Mwalimu," akasema, kwa sauti ya kufika nje, "hebu niulizie kama imebaki ingine."