Meno ya Mpingo

Jino la Margareta lilianza kuuma Jumatatu. Kufikia Alhamisi shavu lilikuwa limevimba hata jicho limefinyika. Wakati ule wa Mwingereza, Mtoni nzima ilikuwa na mng'oa meno mmoja tu, Leonardi, fundi baiskeli, na koleo lake lilikuwa lile lile la baiskeli.

Lakini Ijumaa nesi wa Kizungu angekuja kukagua shule. Shule iliyofundisha vizuri usafi wa kinywa iliingizwa kwenye orodha ya daktari wa meno. Iliyoshindwa ilibaki na Leonardi.

Mwalimu Rosalia alikuwa amelipanga somo: meno makubwa ya mti yapakwe unga wa mkaa, ndio uchafu, kisha mtoto ayasugue mpaka yang'ae. Kazi ya kuyachonga alimpa baba yake Margareta, Alfonsi, mchongaji wa Kimakonde. Ijumaa asubuhi akayaleta yamefunikwa kanga.

"Shikamoo, mzee Alfonsi."

"Marahaba. Funua."

Rosalia akafunua. Yalikuwa ya mpingo, meusi tii, na ya mbele yamechongoka kama msumeno.

"Mzee! Meno gani meusi?"

"Sehemu nyeupe ya mpingo ni ya kutupa, mwalimu. Nikuaibishe mbele ya wageni?"

"Na ncha hizi?"

Alfonsi akatabasamu. Ya kinywani mwake yalikuwa yamechongwa hivyo hivyo, kwa desturi ya Kimakonde. "Ulisema meno mazuri."

Gari la nesi lilikuwa limeshaingia uani. Rosalia akalitazama kopo la mkaa, akayatazama meno meusi, akaliweka kopo chini. Akaokota vipande vya chaki, akavisaga kwa chupa ya wino, akayapaka meno: leo uchafu ungekuwa mweupe.

Margareta akasugua kwa mswaki wa mti, mkono mmoja shavuni. Chaki iliyobaki ilionekana hata na waliokaa nyuma.

"Bado gego!" watoto wakapiga kelele. "We Margareta, huko ndani kama choo cha soko!"

Nesi akainama, akayagusa meno ya mpingo. "Ncha hizi ni ugonjwa?"

"Urembo," Alfonsi akajibu kutoka dirishani. "Mgonjwa ni huyo anayesugua."

Nesi akamwambia Margareta afungue kinywa. Akachungulia, akarudi hatua moja nyuma, akaandika jina la shule kwenye orodha ya daktari, na chini yake la Margareta, wa kwanza.

Jumatatu jino likang'olewa hospitali. Alfonsi akaligeuza kiganjani, akakagua mizizi.

"Limepinda," akasema. "Kumbe hata Mungu ana kazi zake za haraka haraka."