Koplo Nyale wa Kizuizini

Mwaka ule wa korona, Kilifi ilipofungwa asitoke mtu wala asiingie, Lubna wa Takaungu hakuwaza korona. Aliwaza figo za mumewe. Faiz alikuwa akisafishwa damu Mombasa kila Jumatatu na Alhamisi, na akikosa siku moja tu, miguu humvimba na pumzi humpaa.

Alhamisi ya kwanza walifika kwa teksi kwenye kizuizi cha polisi Mtwapa. Lubna aliwaogopa askari. Wiki iliyotangulia askari mmoja alikuwa amemvunja jirani yake mkono kwa rungu, kisa barakoa.

Aliyewasimamisha alikuwa mwanamke, Koplo Nyale. Alisoma kadi ya hospitali, kisha akainama dirishani.

"Shikamoo, baba. Waumwa sana?"

Faiz aliitikia kwa kichwa.

"Kibali tumeomba, hakijatoka," Lubna alisema.

"Piteni. Kibali nitakifuata mwenyewe. Chukua namba yangu, mama. Wakikuzuia, nipigie."

Wiki tatu walipita bila tabu. Jumatatu ya nne palikuwa na askari mgeni, naye akakataa katakata: hakuna karatasi, hakuna kupita. Faiz alikuwa ameanza kuhema. Lubna akapiga simu.

Nyale hakuwa zamuni asubuhi hiyo. Alikuja kwa miguu, amejifunga leso, malapa miguuni, mkononi ana kibali kilichopigwa mhuri. Alikuwa amekipata Ijumaa.

"Nilitaka niwape leo mkirudi," alisema, kisha akamgeukia mwenzake. "Huyu ni mgonjwa wangu. Mfungulie."

Miezi kadhaa baada ya njia kufunguliwa, mtafiti mmoja aitwaye Janet alipita nyumba kwa nyumba akiuliza watu kama waliridhika na kazi ya polisi wakati wa korona.

"Aliyemvunja jirani yangu mkono sijamsamehe," Lubna alimwambia. "Lakini mume wangu yuko ndani anakunywa chai kwa sababu ya askari. Andika yote mawili."

"Fomu ina nafasi ya jibu moja, mama."

"Basi andika nimeridhika. Na pembeni utie jina: Linet Nyale."

Janet alipoondoka, Lubna alimpigia Nyale kumjulia hali. Alikuwa amehamishiwa Mariakani, na nyuma yake malori yalisikika yakinguruma.

"Baba hajambo?" Nyale aliuliza, hata kabla ya salamu.

"Hajambo, mwanangu. Hajambo kabisa."