Machungwa ya Kujumlishia

Jumatatu, tarehe tatu Machi, asubuhi ilikuwa ya mawingu na manyunyu membamba. Mwalimu wa chekechea alipangusa ubao, akabandika kadi mbili: moja ilikuwa na picha ya machungwa mawili, nyingine matatu. Watoto walifumba macho, wakasema sala ya chakula. Zamani waliisema mbele ya uji, lakini uji ulikoma muhula ulipofunguliwa, na sala ikahamia kwenye hesabu.

"Mawili na matatu?" aliuliza mwalimu.

"Moja," alijibu Kijiko, binti aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake. Kidevu chake kilichuruzika maji ya machungwa.

Mwalimu aligeuka. Kwenye kadi zote mbili lilibaki chungwa moja tu, na madoa meupe mahali pa yale mengine.

"Kijiko, mwanangu, hesabu kwanza, ndipo ule."

"Nimehesabu, mwalimu. Nilihesabu nikimeza."

"Na mie nimekula mawili," alisema jirani yake, asisahaulike.

Mwalimu alichora mengine. Ndivyo alivyokuwa akifanya kila asubuhi tangu uji ukome, mpaka kalamu ya rangi ya machungwa ikabaki kama ukucha. Alipochora kwa bluu walikula vilevile, na ndimi zao zikawa bluu. Picha hazikushibisha; kabla ya mapumziko wengi walikuwa wamelalia madawati. Mwalimu alikuwa ameomba uji kwa mwalimu mkuu, kisha kwa Mungu, na bado alikuwa akiyangoja majibu yote mawili.

Mchana wa Jumatatu hiyo mkaguzi alikuja, na wazazi wakaitwa. Alizitazama kadi, akavitazama vikombe vya uji vilivyofunikwa kifudifudi na kushikwa na utando wa buibui, akazirudia kadi.

"Watoto hawa hawajui kujumlisha," alisema.

"Kujumlisha ni kwa mwenye shibe, baba," alisema bibi yake Kijiko. "Hawa wamejifunza kutoa."

"Bila uji, mheshimiwa, picha watazila tu," alisema mwalimu.

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, kwa upole kabisa. Alisema tatizo amelielewa. Akasimama mbele ya ubao na kuinua mkono. Watoto, wakidhani ni sala, wakafumba macho.

"Naahidi mbele yenu nyote," alisema. "Wiki ijayo naleta kadi mpya. Hizo zitakuwa na picha za mawe."